Lenzi ya mita mbili: jibu kwa dada wa Malindi anayekuja Lamu

Dada mmoja wa Malindi ameniandikia swali refu na zuri, nalifupisha hapa ili na wengine wafaidike. Anayo Canon 250D na ile lenzi ya 18-55 (namba hizi ni urefu wa lenzi kwa milimita) iliyokuja kwenye boksi. Mfungo Sita yuaja Lamu kwa Maulidi, siku tatu nne hivi, halafu apande boti aende Siyu na Faza, kisiwani Pate, kupiga picha za mafundi na za wazee. Ana shilingi elfu 30 alizoziweka pembeni za lenzi moja. Muuza kamera amemshauri achukue zumu ndefu, 70-300, akamwambia utapiga watu kwa mbali bila wao kujua, na hata askari wakiwa karibu hawatakuona. Binamu yake naye ana 55-250 na yuko tayari kumwazima. Swali lake: "Dada, nichukue ipi, na ni kweli lenzi ndefu ni salama zaidi huko kwenu?"

Mdogo wangu, wa aleikum salaam. Nakupa jibu kwanza ndo nieleze. Usinunue zumu ndefu kwa safari hii, na ya binamu yako mwachie mwenyewe. Tafuta lenzi fupi ya fiksi, isiyovutika, ile nyembamba ya 24 f/2.8 ya Canon (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), ifunge kwenye bodi ya kamera hapo hapo Malindi kabla hujapanda basi na ikae hapo mpaka urudi kwenu, hiyo 18-55 yako iwe akiba kwenye begi. Najua sio jibu ulilotarajia, watu wengi wakisikia Lamu na habari za usalama akili yao yakimbilia kukaa mbali na kupiga kwa kuvizia, na mimi nakwambia hapo ndo pa hatari penyewe.

Mimi ni mpigapicha wa harusi, nimezaliwa mtaa wa Langoni hapa Lamu, mwaka wa kumi na sita huu natembea na kamera kwenye mji ambao kila mtu amjua mamangu ni nani. Na hata hivyo nimeulizwa maswali mara nyingi. Kwa hivyo wewe mgeni, hata kama ni mgeni wa karibu, yakubidi uelewe watu wa huku wameona nini. Juni 2014 Mpeketoni, huku huku Lamu, ilishambuliwa, watu wengi waliuawa usiku mmoja, ikafuata amri ya kutotoka usiku kwa miezi kadhaa, harusi zangu zote za usiku zikahamia mchana, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku kwa miaka. Septemba 2015 ikaanza operesheni ya usalama ya msitu wa Boni. Januari 5, 2020 kambi ya jeshi ya Manda Bay ikashambuliwa, Wamarekani watatu wakafa pale. Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya likafunguliwa, na bandari kila mahali duniani ni sehemu ya ulinzi.

Na usidhani ni mambo ya bunduki tu, kuna ardhi na bahari pia. 2018 mahakama kuu ya Malindi iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.7 na ushei kwa hasara ya bandari, na 2019 leseni ya ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe ikafutwa baada ya watu kupigania miaka. Kwa hivyo mtu asiyejulikana akisimama ufuoni na lenzi ndefu ameielekeza mashamba au mikoko, mwenyeji haoni msanii pale, aona dalali au mpimaji wa ardhi. Askari akimwona mtu yule yule yuafikiria mambo yake mengine. Sasa wote wawili wanauliza kitu kimoja, huyu yuapiga nini na ampelekea nani, na lenzi iliyo mkononi mwako ndo jibu la kwanza wanalolipata kabla hujafungua mdomo.

Ndo maana mimi nachagua lenzi kwa kufikiria nitaonekanaje nikiwa nimeishika. Nitaona nini, hilo ni la pili.

Sasa twende kwenye hesabu kidogo, usiogope, ni hesabu rahisi na ndo iliyonifungua macho. Senza ya kamera yako, kile kipande kinachopokea mwanga ndani, ni ile ndogo ya APS-C, ya Canon urefu wa lenzi wauzidisha kwa 1.6. Hiyo 24 inakuwa kama 38 kwenye kamera ya senza kubwa, yaani karibu na vile jicho linavyoona. Ukiishika kamera wima na 24 ukasimama mita mbili kutoka kwa mtu, anaingia wote, kutoka viatu mpaka kofia. Mita mbili. Huo ni umbali wa kusalimiana bila kupaza sauti, masalkheri yako anaisikia na uso wako anauona. Ukifunga 50 itabidi urudi mita nne umpate mtu yule yule mzima. Ukifunga ile 55-250 ukaivuta mpaka mwisho, mtu mzima wampata ukiwa mita ishirini na zaidi, na huko hakuna salamu, ni kuvizia tu hata kama nia yako ni safi kama maji ya mvua.

Halafu fikiria mji wenyewe. Ukishaingia ndani kutoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, vichochoro vyetu vingi ni vya watu wawili kupishana, na punda akija na mzigo wa mchanga wewe wabana mgongo ukutani apite. Hizo mita ishirini utazipata wapi? Utazipata pwani mbele ya mji, Mkunguni mbele ya ngome, na juu ya madari. Na juu ya dari hapo ndo sitaki kabisa nikuone na lenzi ndefu, manake kutoka juu waona nyua za watu, waona wanawake wakianika nguo wakiwa hawajavaa buibui, na hakuna maelezo ya ufundi yatakayokutoa kwenye aibu hiyo. Nyumba ya Kiamu imejengwa ili wa nje asione ndani, daka la mlangoni lipo, kiwanda, yaani ua wa ndani, kipo katikati, kuta nene, yote hayo ni heshima iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Ukija na lenzi ya kuruka ukuta umevunja nyumba ya mtu bila kugusa jiwe.

Nikupe yangu yaliyonikuta. Mwaka 2015 nilikodi 70-200 f/2.8, ile nyeupe, karibu kilo moja na nusu, nikapige mashindano ya mashua. Nikasimama mwisho wa gati, jua zuri, upepo mzuri, jahazi lapita kama mita mia mbili kutoka nilipo limelala upande na wanaume wamening'inia kwenye ubao, nikapiga na kupiga. Nyuma ya lile jahazi, mbali sana, kilomita moja labda, kulikuwa na boti ya doria. Kwa macho yangu ilikuwa nukta. Mimi hata sikuitazama. Lakini lenzi ndefu ina tabia moja ambayo muuza duka hakukwambia, yachukua kipande chembamba cha dunia na kukikuza chote pamoja, cha mbele na cha nyuma, kwa hivyo kilichokuwa mbali kabisa kinaonekana kimekaa bega kwa bega na kile cha karibu. Kwenye picha zangu ile boti ilikuwa kama yashindana na jahazi, na namba zake ubavuni karibu zasomeka. Maafisa waliokuja kuniuliza waliona picha kumi na nne mfululizo za boti yao. Ungekuwa wewe ungeamini kwamba nilikuwa napiga jahazi?

Wakaniweka kwenye benchi masaa matatu. Kwa adabu, sikuguswa, niliambiwa hata ninywe maji. Lakini kadi yangu waliichukua ikakaguliwe, na kwenye kadi ile kulikuwa na harusi ya wiki iliyopita ambayo nilikuwa sijaihamisha. Picha za ukumbi wa wanawake. Bibi harusi na nywele zake, shangazi zake, wasichana wakicheza, mambo ambayo hata bwana harusi mwenyewe hajayaona, yako mikononi mwa wanaume nisiowajua. Kadi nilirudishiwa kesho yake na sidhani kama kuna aliyefanya ubaya, lakini nilikwenda kwa mama ya yule bibi harusi nikamwambia ukweli, na mpaka leo nikikumbuka uso wake tumbo lanikata. Kutoka siku hiyo nina sheria mbili, lenzi ndefu haitoki na mimi kisiwani bila sababu na bila kibali mkononi, na sitoki nyumbani na kadi yenye kazi ya mtu mwingine. Wewe pia, kabla ya kuja, safisha kadi zako. Njoo na kadi mbili tupu.

Kuna na jambo la umbo lenyewe. Lenzi ndefu nyeusi begani, jioni, ukiwa umbali wa mita mia, kwa mtu aliye na wasiwasi sio lenzi. Hili limeua watu. Julai 2007 kule Baghdad, mpigapicha wa Reuters Namir Noor-Eldeen na dereva wake Saeed Chmagh waliuawa na helikopta ya jeshi la Marekani, na waliokuwa angani walidhani lenzi yake ni silaha. Lamu sio Baghdad, sitaki kukutisha na sitaki mtu aseme nimetisha wageni, mji wetu waingia na kutoka salama kila siku, lakini barabara ya kutoka Minjila kuja Witu mpaka Hindi na Mokowe imepita mengi, na askari wa pale hajalala vizuri. Usimpe kitu cha kukisia.

Na kuvizia kwenyewe hakujasaidia hata mabingwa. Mohamed Amin wetu, aliyekuja kuonyesha dunia njaa ya Ethiopia 1984, alikaa jela Zanzibar karibu mwezi mzima mwaka 1966 kwa sababu ya kile alichokipiga na kamera yake. Na yule alikuwa mwandishi wa habari, kazi yake ilimtaka aingie huko. Wewe waja kupiga zefe, yale maandamano ya Maulidi, na mafundi viatu. Hatari isiyo ya kazi yako usiibebe.

Sasa najua utaniuliza, kama ni hivyo kwa nini nisichukue pana kabisa, ile 10-18? Ni lenzi nzuri, nyepesi, gramu 240 tu, na ndani ya nyumba za kale na vidaka vyake yafanya maajabu. Lakini kwa safari hii hapana, na sababu yake ni kinyume cha ile ya kwanza. Lenzi pana yaingiza kila kitu cha pembeni. Wewe wapiga mlango wa kuchonga na kwenye kona ya kulia kumbe kuna askari amesimama kivulini, wewe hukumwona, lenzi imemwona. Au mama amepita nyuma ya mlango ulio wazi. Hiyo 24 ina upana wa kutosha kwenye kichochoro na bado waweza kuzijua pembe nne za picha yako kabla ya kubonyeza. Jizoeshe kuangalia pembe. Mimi naanza na pembe ndo naenda katikati, miaka yote hii, na imeniokoa mara nyingi kuliko filta yoyote.

Kuhusu 50 f/1.8, hiyo watu wengi wanaipenda na mimi ninayo, gramu 160 na bei yake ndogo. Kwenye kamera yako inakuwa kama 80, nzuri kwa uso wa mzee aliyekaa barazani ukishaongea naye na ameshakubali. Kama hela itabaki ichukue ya mtumba. Lakini ikiwa ni moja tu, 24. Na 50 kwenye kichochoro itakuchosha, utapata nyuso na mabega, mji hutauona.

Mwanga je? Uliandika waogopa usiku wa Maulidi. Lenzi yako ya 18-55 ikiwa mwisho, pale 55, ni f/5.6. Hiyo 24 ni f/2.8, mwanga unaoingia ni mara nne ya f/5.6. Ukilinganisha na lenzi yako ikiwa hapo hapo kwenye 24 faida ni ndogo, kama mara mbili hivi, lakini mara mbili usiku ni kitu kikubwa, ni tofauti ya mkono wa mpiga dufu kuonekana mkono au kuonekana moshi. Weka ISO, ule wepesi wa kamera kuona gizani, 3200 usione haya, chembechembe zitakazotokea kwenye picha sio ugonjwa. Na tafadhali sana usitumie flashi kwenye usomaji pale msikiti wa Riyadha. Watu wako kwenye dhikri, mwanga ukipasuka usoni mwao umewakata. Zefe lenyewe lapita mchana kweupe, huko hata simu yaweza, shida itakuwa jua kuwa kali na kanzu nyeupe kuungua, punguza mwanga kidogo kwenye kamera, kanzu ibaki na mikunjo yake.

Kwenye zefe pia usitembee pembeni ukikimbia kimbia mbele kama watu wa televisheni. Simama mahali pamoja, wacha watu wakujie. Ukiwa na 24 watakujazia picha wenyewe, watoto watakuja mpaka kwenye kioo. Ukiona goma la bakora limeanza, omba ukae karibu na wazee walioketi, kutoka pale utaona mstari wote wa wanaume na bakora zao, na kwa sababu umekaa na wazee hakuna atakayekuuliza.

Wewe ni mwanamke, hilo ni ufunguo na pia ni amana. Utakaribishwa ndani ambako mwanamume hafiki, jikoni, chumbani wakipakana hina, kwenye ngoma za wanawake. Mlangoni kwenye harusi zetu siku hizi simu zinakusanywa, ndo ujue. Ukiingia, kamera ikae begini mpaka mwenye nyumba mwenyewe, sio binti yake, mwenye nyumba, akwambie itoe. Akikubali mikono yenye hina basi ni mikono, hajakubali uso. Hapo hiyo 24 ina siri nzuri, yafokasi mpaka sentimita 16, waweza kusogea kwenye kiganja mpaka uone hina inavyokauka na kupasuka bila kuonyesha mtu ni nani. Hizo ndo picha ninazozipenda kuliko zote nilizowahi kupiga.

Njiani sasa. Kwenye vizuizi vya polisi basi lasimama, mara nyingine watu wote mwashuka na vitambulisho mkononi. Kamera iwe ndani ya begi, zipu imefungwa, lenzi fupi imefungwa kifuniko, begi liwe miguuni kwako. Usilifiche chini ya kiti manake kilichofichwa kikipatikana kina maswali zaidi. Ukiulizwa una nini sema nina kamera, naenda Maulidi halafu Siyu kupiga mafundi. Maneno mafupi ya kweli. Wakitaka kuona picha, waonyeshe wewe mwenyewe ukiwa umeshika kamera, na usianze kufuta futa kitu mbele yao, hiyo ndo inatia shaka kuliko picha yenyewe. Na ndani ya basi usipige dirishani, hata kama machweo ya Witu yamekuita kwa jina.

Vitu vya kutopiga ni hivi na havina mjadala: askari na magari yao, vizuizi, vituo vya polisi, kambi, boti za doria, bandari mpya na vyombo vinavyoielekea, uwanja wa ndege wa Manda upande wa ulinzi. Sheria ya Kenya yaipa serikali uwezo wa kutangaza mahali kuwa pamelindwa, na ukiwa mle ndani bila ruhusa ni kosa. Droni iache kwenu kabisa, hiyo tangu kanuni za 2020 yataka usajili na kibali, na huku angani sio pa kuchezea. Ngome ya Lamu piga utakavyo ukilipa kiingilio chako kwa watu wa makumbusho, mpaka 1984 ilikuwa jela, leo ni maktaba na maonyesho, na mwanga wa ukumbini saa nne asubuhi ni mzuri ajabu.

Boti ya kwenda Siyu na Faza yapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, na maji yakitoka haupitiki, kwa hivyo safari yategemea maji sio saa yako. Muulize nahodha maji ya kujaa ni saa ngapi. Kwenye Mkanda mikoko iko karibu pande zote mbili na utatamani sana ile 55-250 ya binamu yako kwa ajili ya ndege, najua, hata mimi natamani, lakini eneo lile lina ulinzi na wewe wamjua nahodha kwa dakika kumi tu. Kamera begini mpaka mshuke. Ukifika Siyu, kabla ya picha ya kwanza, nenda kwa mzee wa mtaa au chifu ujitambulishe, mwonyeshe kamera, mwache aishike kama anataka. Nilifanya hivyo mara ya kwanza na mzee aliangalia kwenye kioo, akampiga mjukuu wake picha, akacheka, halafu yeye mwenyewe ndo akanipeleka nyumba kwa nyumba mpaka kwa mafundi wa viatu vya ngozi. Sidhani kama angeweza kucheza vile na lenzi ya kilo moja na nusu.

Sasa chumvi, nisisahau, manake lenzi nyingi huku haziibiwi, zinaoza. Usibadilishe lenzi kwenye boti wala ufuoni hata mara moja, hii nayo ni sababu nakutaka uje na moja iliyofungwa. Wakati wa kusi upepo wabeba mchanga mpaka ndani ya mji. Nunua filta ya kulinda kioo, ya kawaida tu. Jioni chukua kitambaa kilicholowa kidogo maji ya bomba, futa nje ya bodi na nje ya lenzi uondoe chumvi, ndo ufuate na kikavu, ukianza na kikavu chembe za chumvi zakwaruza kama msasa. Begi liwe na vile vifuko vya kunyonya unyevu, na sio mchele, mchele una vumbi. Unyevu wa huku waotesha kuvu ndani ya kioo, mimi nimeshazika lenzi mbili hivyo. Ukinunua ya mtumba iangalie kwanza kwa tochi ya simu, ipitishe upande wa nyuma na utazame kwa mbele, ukiona nyuzi nyuzi kama buibui amepita, rudisha hata ikiwa bei ni nusu.

Filta ya polaraiza iache. Yafanya maji yawe mazuri kweli, lakini yala mwanga karibu nusu au zaidi na ukiingia kichochoroni utaisahau.

Uliniuliza pia kama simu ingetosha na kamera uiache nyumbani. Kwa wengine ningesema ndio. Kwako hapana, kwa sababu wataka picha za wazee na mafundi na hao watu kamera ndogo iliyo wazi wanaielewa zaidi, wamjua huyu amekuja kupiga na anasubiri ruhusa, simu kila mtu anayo na hakuna ajuaye imepiga saa ngapi na imeshatumwa wapi. Na kamera yako na hiyo lenzi nyembamba ya gramu 125 yaonekana kitu cha mtu wa kawaida. Kwenye simu zima tu ile ya kuandika mahali picha ilipopigwa, hasa ukiwa kwenye nyumba za watu.

Hela yako basi. Hiyo 24 ya mtumba iliyo safi, filta, betri ya pili manake Siyu usitegemee kuchaji kila jioni, na kitabaki kitu. Kilichobaki usiongeze lenzi, kiweke cha kusafishia picha. Ukirudi Malindi safisha picha moja moja ya kila mzee aliyekuruhusu, saizi ya 4 kwa 6 yatosha, zifunge kwenye bahasha umpe mtu wa boti wa Mokowe au uniletee mimi nitazifikisha. Andika jina la kila mtu nyuma kwa penseli, wino wa peni watoka ukaharibu picha iliyo chini yake.